Kiraka cha kompoziti kimepita altrasaundi, lakini mkaguzi amekikataa kwa sababu ya karatasi ya joto

MwanagenziWaMiundo aliuliza:

Habari za kazi, wakuu. Mimi ni fundi ninayejifunza, nipo mwaka wa pili katika karakana ya miundo ya ndege, na nimekutana na jambo ambalo wenzangu wamelizoea lakini mimi bado halijaniingia akilini.

Tulipokea aileroni, yaani kipande kinachopinda nyuma ya bawa ili kuilaza ndege upande, yenye maganda mawili membamba ya kompoziti (nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa resini, plastiki inayokakamaa ikipikwa) yaliyobandikwa juu ya kiini cha sega, chenye vyumba vidogo kama sega la nyuki. Ngazi ya kazi iliigonga ndege ikiwa imeegeshwa, ikaacha kibonyeo cha milimita 25 hivi, na rangi haikuwa imepasuka. Tulipogonga kukizunguka kwa nyundo ndogo ya ukaguzi, sauti butu ilienea hadi kipenyo cha milimita 90. Tulikata eneo hilo, tukalikausha kwa zaidi ya siku nzima, tukapachika kiini kipya, tukachonga mteremko kwa msasa, tukalaza tabaka nne za kaboni na moja ya ziada juu ya gundi ya utando (gundi iliyo kama karatasi nyembamba), tukafunga mfuko wa ombwe, yaani unaonyonywa hewa, na kupika kwa nyuzijoto 121 kwa dakika 90. Uso ulitoka laini, sauti ya kugonga ikawa kali na sawa kila mahali, na altrasaundi haikuonyesha pengo wala tabaka lililoachana na jingine.

Hata hivyo, mkaguzi alipoichukua karatasi ya kumbukumbu ya joto aliona kwamba vipimajoto viwili kati ya tisa havikuvuka nyuzijoto 104 muda wote wa kupika. Viwili hivyo vilikuwa juu ya sehemu ambayo kwa ndani kuna kishikio cha chuma cha bawaba. Alikataa kutia sahihi na akaagiza kiraka chote kiondolewe.

Kama chombo chenyewe kinasema ndani hakuna kasoro, karatasi ina uwezo gani wa kusema vinginevyo? Na kama tatizo ni joto tu, kwa nini tusipike tena, au tangu mwanzo tungefunga bamba kwa bolti na kuepuka shughuli yote hii?

---

MzeeWaRibiti alijibu:

Pole kwa kazi iliyorudi, kijana wangu. Nitajibu hilo la bolti, kwa kuwa ndilo nililolifanya maisha yangu yote, na wengine watakujibu hayo ya gundi.

Ubora mkubwa wa bolti ni kwamba unaweza kuziona, kuzihesabu na kuzipima mkazo. Ndiyo maana katika ndege kama Boeing 787, ambayo takriban nusu ya uzito wake ni kompoziti, sehemu nene za kiwiliwili na mabawa zinaweza kutengenezwa kwa bamba lililofungwa kwa bolti, kwa namna isiyo mbali sana na tuliyoizoea kwenye alumini. Lakini usichukue desturi za alumini ukazipeleka huko zilivyo. Kwenye alumini tumezoea kuacha umbali wa vipenyo viwili kutoka katikati ya tundu hadi ukingoni. Kwenye kaboni huachwa vipenyo vitatu kwa kawaida, kwa sababu kaboni haijui kunyooka kidogo ili igawane mzigo na tundu la jirani; inabeba hadi mwisho wa uwezo wake, kisha inakatika ghafla. Bolti ziwe za titani, kwa kuwa alumini ikigusana na kaboni penye unyevu huliwa na kutu upesi. Ribiti (pini za kuunganishia mabamba) za kugongwa zikavimba ndani ya tundu ziepukwe, maana mvimbo wake hupasua tabaka. Na unapotoboa, weka kipande cha ubao upande wa pili, la sivyo keekee ikitokeza itang'oa tabaka la mwisho.

Sasa rudi kwenye aileroni yako. Ganda la tabaka nne halifiki hata unene wa milimita moja. Bolti itashika nini hapo? Ukiikaza inakibonyeza kiini, ukiilegeza maji yanaingia kwenye sega. Kwa muundo wa namna hiyo gundi haina mbadala wa maana, na nakwambia hivyo mimi nisiyeipenda gundi.

---

Mhandisi_Tabaka alijibu:

Nimeshukuru kwamba mzee ameanza na bolti, kwa sababu tofauti aliyoitaja, yaani kuonekana na kutoonekana, ndiyo kiini cha swali la karatasi.

Altrasaundi hutuma mawimbi na kusikiliza yanayorudi au yanayopita. Mawimbi hukatizwa na hewa. Penye pengo, kiputo au tabaka lililobanduka, chombo huona. Lakini mahali ambapo gundi imegusana kikamilifu na ganda bila kushikana nalo, au mahali ambapo resini imeiva nusu, hakuna hewa ya kukatiza chochote, na mawimbi hupita kama yanavyopita penye kiungo kizuri. Chombo kilikujibu swali la kama kuna nafasi wazi, na jibu lake lilikuwa sahihi. Swali la kiungo hiki kitabeba mzigo kiasi gani hakikuulizwa, na hata kingeulizwa kisingeweza kulijibu.

Hili si wazo langu binafsi. Waraka wa AC 20-107B, uliotolewa na mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani mwaka 2009 kuhusu miundo ya kompoziti, unarejea masharti ya viungo vya gundi ambavyo kushindwa kwake kungeweza kuipoteza ndege. Njia tatu zinatajwa. Unaweza kuonyesha kwamba muundo utahimili mzigo wa kikomo (mkubwa kuliko wote unaotarajiwa kazini) hata gundi ikiachia kwa kiwango kikubwa kinachowezekana, kwa kuwa kuna kitu kingine cha kuuzuia mbanduko usiendelee. Unaweza kupima kila kipande kinachozalishwa kwa kukibebesha mzigo huo. Au unaweza kutumia ukaguzi usioharibu unaothibitisha nguvu ya kila kiungo. Njia ya tatu inavutia kuliko zote, isipokuwa kwamba chombo cha kuifanya kazi hiyo kwa kuaminika hakipo. Kiraka cha karakana hakiwezi kubebeshwa mzigo wa majaribio kila mara, kwa hiyo viraka vya gundi kwenye sehemu muhimu huwekewa kikomo cha ukubwa, ili ndege ibaki salama hata kiraka kikiachia. Ukiacha kikomo hicho, kinachobaki mkononi ni ushahidi wa jinsi kazi ilivyofanyika: resini ilitoka lini kwenye friji, uso ulisafishwa vipi, ombwe lilishika kiasi gani, joto lilikuwa kiasi gani na kwa muda gani. Karatasi unayoiona kama nyongeza ya kazi ndiyo kipimo pekee cha nguvu ya kiraka chako.

Tuje kwenye zile nyuzijoto 104. Kwa kanuni ya kukadiria, mmenyuko wa resini hupungua kasi karibu kwa nusu kila joto linaposhuka kwa nyuzijoto 10. Upungufu wa nyuzijoto 17 unaifanya kasi iwe karibu theluthi moja, kwa hiyo kilichohitaji dakika 90 kingehitaji saa tano hivi. Hata hizo saa tano zisingetosha kwa hakika, kwa sababu resini ikiiva kwenye joto dogo hufika mahali inakakamaa, molekuli zake zinashindwa kusogeleana, na mmenyuko unakaribia kusimama kabla haujakamilika. Matokeo yake ni resini ambayo huanza kulainika kwenye joto la chini kuliko lililokusudiwa, na kiwango hicho hushuka tena kadiri kompoziti inavyofyonza unyevu kwa miaka. Ndege iliyoegeshwa juani, hasa yenye rangi nyeusi, hupata joto kali usoni. Kwenye meza ya karakana kiraka hicho ni kigumu kama jiwe, na kitaendelea kuwa hivyo mpaka siku ya jua kali itakapokutana na mzigo mzito.

---

KaratasiKwanza alijibu:

Mimi ni mkaguzi, na jina ninalotumia hapa nilipewa na mafundi waliochoshwa nami.

Nitasimulia kilichonifanya niwe hivi. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado fundi, tulibandika kiraka kwenye kifuniko cha injini. Kila hatua ilifuatwa, joto lilikuwa sawa, ukaguzi ulipita. Baada ya miezi kadhaa kiraka kilirudi kikiwa kimeinuka ukingo mmoja, na tulipokivuta kilitoka chote mkononi kama stika. Gundi yote ilibaki upande wa kiraka, na uso wa ganda la zamani ulikuwa safi unang'aa, alama za msasa wetu zikionekana kama tulizipiga jana. Gundi ikikatika katikati yake, ikaacha mabaki pande zote mbili, hapo mzigo umeizidi nguvu. Ikitoka safi upande mmoja, haikuwahi kushika. Katika kutafuta chanzo tuligundua kwamba siku ya kazi kuna mtu alikuwa akipulizia mafuta ya silikoni kwenye bawaba za mlango wa hanga, upande ule ambao upepo ulikuwa ukitokea. Kiasi kidogo kisichoonekana kwa macho kilitua kwenye uso tuliokwisha kuuandaa. Tulikuwa tumefanya jaribio la maji mapema asubuhi, tukaona yanatandaa vizuri bila kujikusanya matone, kisha tukaenda kula na kurudi kubandika bila kulirudia.

Wanaodhani kwamba sauti ya kugonga inatosha wakumbuke Airbus A310 ya Air Transat iliyoruka kutoka Varadero, Kuba, kwenda Quebec tarehe 6 Machi 2005. Usukani wake wa mkiani, uliokuwa wa kompoziti yenye kiini cha sega, uling'oka karibu wote angani. Marubani walifanikiwa kurudi Varadero na kutua salama. Wachunguzi wa Kanada walihitimisha kwamba ndege iliondoka ikiwa tayari na mbanduko au ufa ndani ya kiini, ambao ulikua hadi usukani ukashindwa, na kwamba mpango wa ukaguzi uliopendekezwa na mtengenezaji haukutosha kugundua kasoro zote za usukani wa aina hiyo. Kugonga kunafaa kwenye ganda jembamba, na masikio ya fundi mzoefu ni mali, lakini kwenye tabaka nene, au kwenye kasoro iliyo upande wa pili wa kiini, sauti haikwambii kitu.

Kwa hiyo mwanagenzi, mkaguzi wako hakukukomoa. Ningependa tu kujua: saa ya kupika ilianza kuhesabiwa kipimajoto kipi kilipofika nyuzijoto 121?

---

MwanagenziWaMiundo alijibu:

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Kuhusu swali la mkaguzi, naona aibu kidogo kulijibu. Mashine ya kudhibiti joto ilikuwa imewekwa ifuate kipimajoto chenye joto kubwa kuliko vyote, na hesabu ya dakika 90 ilianzia hapohapo. Tulifanya hivyo kwa kuogopa kuunguza ganda. Hicho kilisimama kwenye 127.

Nina maswali mawili zaidi. La kwanza, tulipika pia kipande cha majaribio pembeni ya kiraka, na kimeiva vizuri. Je, hakiwezi kututetea? La pili ni lile la kupika tena, ambalo sijaona likijibiwa.

---

Mhandisi_Tabaka alijibu:

Kipande cha majaribio kilikuwa wapi? Kama kilikuwa pembeni, mbali na kishikio cha chuma, kinashuhudia joto la mahali kilipolala, ambapo tayari tunajua kulikuwa na joto la kutosha. Hakiwezi kusema chochote kuhusu mahali palipopoa.

Kupika tena kunategemea mambo ambayo fundi hawezi kuyaamua peke yake. Joto la pili linaweza kumalizia mmenyuko wa resini, lakini haliwezi kuurudisha mtiririko wake. Gundi ya utando inapopashwa huyeyuka kwanza, ikatandaa, ikalowanisha uso na kupanda kidogo kwenye kuta za sega, ndipo inapoanza kuganda. Ikipashwa polepole mno mahali pamoja, inaweza kuanza kuganda kabla haijatandaa vya kutosha, na hapo kuipika mara ya pili ni kukaza kitu ambacho hakikushika vizuri tangu mwanzo. Zaidi ya hayo, kila mzunguko wa joto unazipitia pia gundi za zamani zinazozunguka kiraka, na unyevu uliobaki kwenye sega la jirani hugeuka mvuke unaoweza kulibandua ganda ambalo halikuwa na tatizo. Yapo mazingira ambamo mtengenezaji wa ndege huidhinisha kupika tena baada ya kupelekewa takwimu zote za joto. Bila idhini hiyo ya maandishi, mkaguzi hana cha kutilia sahihi.

Sasa kwa ajili ya awamu ya pili. Kipimajoto chenye joto kubwa kitumike kuizuia mashine isivuke kikomo cha juu, na hapo hofu yenu ya kuunguza ilikuwa halali. Lakini saa ianze kuhesabiwa pale kile chenye joto dogo kuliko vyote kinapofika kiwango cha chini kinachoruhusiwa. Tofauti yenu ilikuwa nyuzijoto 23 kati ya 127 na 104, na tofauti hiyo haiondoki kwa kuongeza muda. Chuma kilicho chini kinanyonya joto la blanketi la kupashia na kulipeleka kwingine. Kabla ya kulaza hata tabaka moja la kiraka, fanyeni jaribio la joto pekee: wekeni blanketi, mfuko na vipimajoto vingi kuliko vya kawaida, hasa juu ya kishikio, mpashe na kusoma. Mkikuta pameendelea kupoa, funikeni kishikio kwa nguo ya kuhifadhi joto, au kipasheni kwa ndani kwa hewa ya moto, au tumieni mablanketi mawili yanayodhibitiwa kila moja peke yake. Jaribio hilo huchukua nusu siku, nanyi mmekwisha kujua gharama ya kuliruka.

Nikusifu kwa jambo moja ambalo hukuliuliza. Kukausha kwa zaidi ya siku nzima hakukuwa kupoteza muda. Ndani ya mfuko ulioondolewa kilopaskali 75 za shinikizo, hewa inayobaki ni robo tu ya kawaida, na maji katika shinikizo hilo huchemka kwenye nyuzijoto 65 hivi. Maana yake ni kwamba maji yangeanza kutoa mapovu resini yako ikiwa bado majimaji, na kiraka kingejaa vitundu kama mkate.

---

KaratasiKwanza alijibu:

Naongeza kidogo kuhusu kuondoa kiraka cha zamani. Msijaribu kukibandua kwa kukipasha na kukivuta kwa patasi. Mtang'oa na tabaka nzima zilizo chini yake. Kichongeni kwa msasa tabaka kwa tabaka, mkichora mpaka wa kila tabaka linapojitokeza na mwelekeo wa nyuzi zake, na mvae barakoa huku mashine ya kunyonya vumbi ikiwa karibu, kwa kuwa vumbi la kaboni linawasha mapafu na ngozi na pia linapitisha umeme, hivyo lisifike kwenye vifaa vya umeme. Na tafadhali, dawa ya kemikali ya kuondoa rangi isikaribie kabisa, maana inaila resini sawasawa na inavyoila rangi.

Pia kubalini kwamba kiraka kitakua. Kama mwongozo wenu unataka hatua ya milimita 12.7 kwa kila tabaka, tabaka nne zinachukua takriban milimita 50 kila upande, kwa hiyo tundu la 90 lilikuwa limekwisha kuwa kiraka cha karibu 190. Mkichonga tena na kupanuka kidogo, pimeni upya dhidi ya kikomo cha ukubwa kilichoandikwa kwa eneo hilo. Mkikivuka, kazi inatoka mikononi mwa karakana na kwenda kwa mtengenezaji, hata kama nyote mko tayari kuifanya.

---

MzeeWaRibiti alijibu:

Hapo kwenye ukubwa, mmesahau kwamba hii ni aileroni. Gundi, tabaka la ziada na kiini kipya vyote vina uzito, na kama kiraka kiko nyuma ya bawaba, uzito huo unavuta mkia wa aileroni chini. Aileroni iliyopoteza msawazo inaweza kuanza kutetemeka yenyewe kwenye mwendo mkubwa, na mtetemo huo huvunja vitu upesi kuliko gundi mbaya. Pimeni kila kinachoondolewa na kila kinachowekwa, rangi ikiwemo, halafu iwekeni kwenye kifaa cha msawazo kabla haijarudi kwenye bawa. Na kama sehemu hiyo ilikuwa na wavu wa shaba wa kupokea radi chini ya rangi, urudishwe na uunganishwe na ule wa zamani, kisha upimwe upitishaji wake wa umeme kabla ya kupaka chochote juu yake.

---

MwanagenziWaMiundo alijibu:

Wavu upo, mzee, na kwa kweli tuliukata bila kuupiga picha. Kesho asubuhi tunaanza jaribio la joto juu ya kishikio tukiwa na vipimajoto kumi na vitano, na nimeomba karatasi hiyo niishike mimi.